Mkanda wa Kisima

Wapwa zangu wana simu zinazoonyesha sinema yoyote duniani, na kila wakikutana sebuleni kwangu huanza ubishi ule ule. Zile hadithi za kutisha zenye kitu kikubwa kilichokuwepo kabla ya binadamu, kitu kisichomjali binadamu hata kidogo, je, zinafaa kutengenezewa sinema? Mmoja anasema zinafaa, mitambo ya siku hizi inaweza kila kitu. Mwingine anasema hazifai, kwa kuwa kitu kikishaonekana kimekwisha. Mimi huwaacha wabishane mpaka chai ipoe, halafu nawaambia kwamba nimeiona sinema ya namna hiyo ikifaulu mara moja tu, Korogwe, na ilifaulu kwa sababu mkanda ulikuwa mbovu. Wananiona bibi kizee anayesifia vya zamani. Uzee sikatai, lakini kwa hili nina hoja.

Nianze na kitabu, maana ndicho kilichotangulia. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Handeni, bado kijana, na kila nilipopita Segera nilinunua karanga kwa mama mmoja aliyezifungia kwenye kurasa za vitabu. Biashara ilikuwa imefunguliwa, marobota ya mitumba yanashuka na makorokoro yote ya Ulaya, vitabu vikiwemo, na pale njia panda vitabu vya Kiingereza havikuwa na kazi nyingine. Siku moja nilimaliza karanga nikajikuta nasoma karatasi. Ilikuwa inazungumzia kisima. Niliisoma nimesimama juani, kisha nikarudi kwa yule mama kuuliza kitabu chenyewe kiko wapi. Jalada lilikwisha chanwa, na kurasa za mwanzo zilikuwa zimekwenda na abiria. Nilimpa gazeti zima la kufungia karanga, naye akanipa kitabu, kila mmoja akiamini amempunja mwenzake. Jina la kitabu kile silijui mpaka leo.

Kilikuwa hadithi ya watu wanaochimba kisima katika nchi kavu. Wanachimba, maji hakuna, wanazidi kuchimba. Siku moja aliye chini anagonga mwamba kwa sururu, na kutoka upande wa pili mwamba unagongwa vilevile, kwa mapigo yale yale. Wanautoboa. Chini hapana maji wala udongo. Kuna anga, lina nyota, na juu ni mchana kweupe. Nyota zenyewe si hizi zetu. Mwishoni mmoja wao anateremshwa kwa kamba na taa, anapandishwa akiwa hai, na mwandishi anakataa katakata kutuambia aliona nini. Anasema tu kwamba kitu cha kule chini hakikumdhuru yule mtu kwa kuwa hakikujua kama ni mtu. Kilimpita kama sisi tunavyopita changarawe njiani.

Nilikisomea kijijini Kwaluguru kwa bibi yangu, wakati wa likizo, kiangazi kimekaza. Maji tuliyafukua mchangani mtoni, na kadiri jua lilivyozidi shimo lilizidi kwenda chini, mpaka mchotaji anaingia mzima. Waliosoma kitabu kile kwao huenda walikuwa na bomba jikoni. Mimi niliogopa sana, na niliogopa kwa haki. Nilimsimulia bibi yote kwa Kizigua, nikitegemea anicheke. Alisikiliza hadi mwisho, akasema huyo aliyeandika amewahi kuchota maji mwenyewe. Kesho yake alitaka nimsindikize shimoni, jambo ambalo hakuwahi kulitaka.

Mama yangu mdogo alikuwa ameolewa Korogwe na dereva wa basi la Tanga na Arusha. Baba mdogo alikuwa mtu wa watu. Nusu ya mji ilikwisha panda basi lake, na nusu ya hao walikwisha samehewa nauli. Bidhaa za nje zilipoanza kuingia, alikuwa wa kwanza mtaani kwao kuleta televisheni na deki ya video, na karibu kila safari alirudi na mkanda mwingine. Mikanda hiyo aliipata kwa mfanyabiashara mmoja wa Tanga ambaye hakuuza mikanda, alibadilishana tu. Unapeleka mmoja, unachukua mwingine. Kisha baba mdogo akaugua homa, ikamzidi haraka, akafariki kabla hajaitazama mikanda ya mwisho aliyoileta. Mama mdogo alipomaliza eda hakutaka kurudi kwao wala kuolewa. Alijenga banda la video uani, la mabati, akaning'iniza magunia ya katani kuzuia mwanga, akapanga mabao ya kukalia. Ndani mlikuwa na joto la kuivishia ndizi, na watu walijaa.

Kila Jumamosi nilidandia pikapu ya kutoka Handeni nikaenda kumsaidia. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya televisheni na kufasiri. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, na waigizaji wale hawakuzungumza cha darasani, kwa hiyo nilipokwama nilitunga. Hakuna aliyelalamika. Wengine walisema sinema za kwa mama mdogo zina maneno mazuri kuliko za Tanga mjini, nami nilizipokea sifa hizo kimya kimya.

Jumamosi moja mama mdogo alichukua mkanda katika ile ya mwisho ya marehemu, hauna hata karatasi ya jina, akauingiza kwenye deki. Ikatokea nchi kavu, wanaume wenye makoleo, na kisima. Niliitambua kabla hawajafungua midomo. Nilisikia furaha kama ya kukutana ugenini na mtu wa kijijini kwenu, nikaanza kufasiri bila hata kusubiri waseme.

Nitasema haki: mwanzo wake ulikuwa mzuri. Kuna mambo ambayo kitabu hakiyawezi. Kamba ilipopita juu ya gogo ililia, na mlio ule haumo kitabuni. Yale mapigo yaliyojibu kutoka chini yaliingia mpaka kwenye bao nililoegemea. Kilichoniudhi ni muziki, maana kila jambo baya lilipokaribia, muziki ulitangulia kutoa taarifa kama tarumbeta la basi. Lakini watu walikuwa wametulia tuli. Wengi wao walikwisha chimba kisima au kusubiri juu ya kisima. Yule mtu akafungwa kamba, akapewa taa, akashuka. Taa ikawa ndogo, ikawa nukta, ikapotea. Kioo kikawa cheusi.

Hapo zikapita chenga kiooni, na mara nikaona mwanga mkali na kitu cheupe kikija upande wetu. Ilikuwa kanzu. Aliyeivaa alikuwa baba mdogo.

Mama mdogo alikuwa amekaa karibu na deki. Alibonyeza kuzima haraka, nadhani hata yeye hakujua amebonyeza, na kioo chote kikawa bluu. Ndani ya banda nyuso za watu wote zikawa bluu. Walikuwa wakinitazama mimi. Mtu akipewa jukwaa hana budi kulitumia, nami kichwani nilikuwa na kitabu. Nikawaambia kwa sauti ya chini kwamba amepandishwa, yu hai, wenzake wanamuuliza ameona nini, naye hawezi kusema. Anachosema ni kwamba kule chini kuna kitu, na kitu hicho hakikumwona. Kisha nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimefika mwisho wa hadithi. Hakuna aliyeinuka. Walikaa katika ule mwanga wa bluu kwa muda, halafu wakatoka mmoja mmoja, hata wale vijana ambao kwa kawaida hugombania mlango.

Banda lilipobaki tupu mama mdogo aliniomba nitoke. Nikiwa nje nilisikia ngoma na vigelegele kupitia magunia. Alitoka baadaye, macho makavu, akanieleza. Kulikuwa na harusi Mombo, ya mpwa wa baba mdogo, na mpiga picha alitoka Dar es Salaam na kamera ya video. Baba mdogo alitaka nakala kidogo ya kwake. Hakuwa na mkanda mtupu, basi akatoa mmoja katika mfuko wake wa safari, akabandika karatasi kwenye kile kitundu cha ubavuni kinachozuia mkanda usirekodiwe juu, wakarekodi kipande pale mkanda ulipokuwa umesimama. Nakala ya mpiga picha mwenyewe ilikwisha rekodiwa juu yake harusi nyingine. Mama mdogo alikuwa na picha mbili tatu za mumewe, zote amekakamaa kama mtu anayesubiri kudungwa sindano. Mahali pengine alipokuwa akitembea na kucheka hapakuwapo.

Sinema ile ilivuma. Watu waliokuwapo siku ya kwanza waliwasimulia wengine, na wengine wakataka kuogopa pia. Tuliirudia wiki baada ya wiki. Mama mdogo alijifunza kuzima chenga zinapoanza, lakini mara nyingine kidole kilichelewa kidogo, na ule weupe ukapita. Sokoni kukawa na mabishano. Wengine waliapa kwamba kitu cha kisimani kimevaa sanda. Wengine wakasema ni mwanga tu. Mama mmoja muuza vitunguu alisema amekiona uso, na uso wenyewe ameuona mahali, ila hakumbuki wapi. Sikumcheka, maana yeye peke yake ndiye alikuwa karibu na ukweli.

Watu walikuja kutoka mbali. Mzee mmoja mfugaji alitoka tambarare za Handeni alikokuwa na ng'ombe wake, akakaa bao la mbele, fimbo katikati ya magoti. Mwisho, katika ile bluu, aliuliza swali moja tu.

"Mwalimu, kisima walikifunika?"

Nilimwamkia kwanza kwa kuwa sikuwa nimemwamkia, kisha nikamwambia kwamba hadithi haisemi. Alitingisha kichwa taratibu. Alisema watu wasiofunika kisima ni watu wabaya, akaaga. Nimesoma baadaye maneno mengi ya wataalamu kuhusu hadithi za aina hii, na sijaona aliyelishika jambo vizuri kuliko mzee yule. Kitu kisichotujali kinabaki pale pale. Kinachoweza kubadilika ni mfuniko tu.

Matata aliyaleta konda mmoja wa mabasi ya Arusha. Alikuja, akatazama, akasimama mwishoni na kutangaza kwamba sinema hii ameiona nzima huko Arusha, mwisho upo, na mama huyu anawauzia watu nusu mkate. Maneno yalienea. Mama mdogo alikuwa mwanamke wa kuonewa kwa mambo mengi lakini si kwa uaminifu wake. Hata vitumbua alivyouza asubuhi alivipima kwa kijiko kile kile miaka yote. Kuambiwa anapunja kulimkosesha usingizi, na wateja wakaanza kutoka wakinong'ona.

Yule mfanyabiashara wa Tanga alipopata habari akaja na mkanda mzima wa sinema ile ile. Sharti lake lilikuwa lile la siku zote: mzima uje, mbovu uende. Mama mdogo alimwomba amwachie ule mbovu, ampe mwingine wowote. Akakataa. Mikanda mingine ya mama mdogo ilikuwa imechakaa, na ule, ukiondoa kile kipande, ulikuwa imara, angeurekodi upya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mimi nilitaka kumjibu kwa ukali. Mama mdogo akanishika mkono. Alimwambia mgeni kwamba wateja wake ndio watakaoamua. Wautazame mzima Jumamosi. Wakiutaka, atampa wa zamani.

Nilimuuliza jikoni kama ana akili timamu. Hasira zangu huwa hazichelewi.

"Mwanangu, nikificha mwisho wao kwa ajili ya mume wangu, basi kweli nawapunja," alisema. "Na yeye hakuwahi kumpunja abiria."

Nikarudi bandani kupanga mabao, nikiyagonga kwa hasira.

Jumamosi ile banda lilifurika. Konda alikaa mbele kama bwana harusi. Nilifasiri kwa uvivu, nakiri, huku nikimtazama mama mdogo aliyeshika mkanda wa zamani mapajani, umefungwa kwenye kipande cha khanga. Taa ikashuka, ikapotea, kioo kikawa cheusi. Muziki ukapiga kelele. Kisha kwenye mdomo wa kisima likapanda lile dude.

Lilikuwa la mpira. Lilikuwa na macho mengi, nayo yote yaling'aa kama gololi, na meno, na mate mengi mazito kama uji wa muhogo. Lilinguruma. Mkono mmoja ulikunjamana kwenye kiwiko pale mpira ulipokuwa na kasoro. Likamkimbiza mtu mmoja kuzunguka kisima, mtu akachukua bunduki, likafa.

Mtoto akacheka, mama yake akacheka, na kicheko kikaenda mpaka mlangoni. Niliwaambia lilisema nini, ingawa halikusema kitu. Nilitaka tu liendelee kuchekwa. Ndipo fundi redio mmoja aliyekaa nyuma akatoa hukumu.

"Hii feki."

Lazima mtu awe aliishi miaka ile ili alielewe neno hilo. Tulikuwa tumefunguliwa maduka, na pamoja na vitu vizuri tulikuwa tumeletewa betri zisizowasha, saa zinazosimama, na viatu vinavyoachama mvua ya kwanza. Tulikwisha jifunza kuchunguza kila kitu kabla ya kutoa mfukoni. Kwa hiyo watu wa Korogwe walilichunguza lile dude, wakaona mpira, wakajua wanaletewa bandia. Konda aliapa kwamba hii ndiyo yenyewe. Wakamwambia kwa upole kwamba basi hata Arusha walimwonyesha feki, asione haya, wengi wanaingizwa mjini. Kisha wakamgeukia mama mdogo wakamtaka Jumamosi ijayo aweke ile halisi.

Mfanyabiashara wa Tanga aliondoka na mkanda wake. Mimi nilikuwa na furaha ya kutosha kucheka njia nzima ya kurudi Handeni. Kitabu changu kimeshinda, nilijiambia, na mpira umeshindwa. Nilikuwa na majibu yote ya ubishi ambao wapwa zangu walikuwa hawajazaliwa kuuanza.

Jumamosi iliyofuata mama mdogo aliweka ile halisi. Alikuwa amevaa khanga mpya. Nilifasiri vizuri kuliko siku zote. Kamba ikalia, mwamba ukajibu, taa ikawa nukta. Nikavuta pumzi kwa ajili ya bluu. Chenga zikaanza, nikamtazama mama mdogo, na mikono yake ilikuwa imetulia mapajani. Hakunitazama. Chenga zikapita.

Ikatokea Mombo mchana, milima ya Usambara nyuma, vumbi, na watu wakicheza. Baba mdogo alikuja kutoka katikati yao na kanzu yake nyeupe, jasho limemlowesha kifua, anacheka. Alikuja moja kwa moja mpaka akakijaza kioo. Alitutazama sote mle bandani, watu aliowabeba miaka mingi na kuwasamehe nauli, na hakumjua hata mmoja wetu. Midomo ikasema kitu ambacho ngoma ilikimeza. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kwetu, kiganja juu, akaita kwa vidole.

Waliokaa bao la mbele walirudi nyuma. Hakuna aliyecheka. Muuza vitunguu alisema polepole, "Ni dereva wetu," na mimi, mwenye maneno ya kila kitu, sikupata neno hata moja la Kiswahili wala la Kizungu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa Kwaluguru. Nilimpenda mtu yule, na nilimwogopa.

Mama mdogo ndiye aliyefasiri. Alisema bila kuinuka, macho yake kwenye kioo, kwa sauti ya mtu anayewaeleza wageni mahali pa kukaa.

"Alikuwa ananiita nikacheze. Nilikuwa nyuma ya mpiga picha na sinia la pilau. Nilimwambia asubiri, nigawe kwanza."

Kwenye kioo mkono ulibaki umenyooshwa, vidole vinaita, mpaka chenga zikamfunika. Mkanda ukafika mwisho, deki ikajizima. Watu walisimama, wakampa mama mdogo pole mmoja baada ya mwingine kama siku ya msiba, wengine wakimshika mikono yote miwili. Konda alikuwa wa mwisho, na alikaa muda mrefu kuliko wote.

Tulipobaki wawili alitoa mkanda, akaufunga kwenye kile kipande cha khanga, akauweka sandukuni pamoja na kanzu. Wiki iliyofuata tulionyesha sinema ya ngumi. Watu walikuja kama kawaida, wakakaa kwenye mabao yale yale, na hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za kisima.